Nilivyowekwa Benchi la Nyuma

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kazi yangu ilikuwa kuchuma kahawa ya watu huko Mbooni. Lakini ungeniuliza mimi ni nani, ningekujibu bila haya kwamba mimi ni mwigizaji. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Niliona tu kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Vijana wa kanisa letu tulikuwa na mchezo wa mlevi anayeokoka. Mlevi nilikuwa mimi. Mhubiri alikuwa rafiki yangu, ambaye nilichunga naye mbuzi tangu utoto. Siku moja tukaambiwa tuuonyeshe sokoni Kikima, kwani kundi la waigizaji wanaozunguka mashuleni lilikuwa linatuma mtu kuchagua kijana mmoja. Huyo kijana alitakiwa kuwa na barua ya pasta wake.

Mimi napenda kitu kikae kama cha kweli. Basi nikaenda kwa mzee anayetengeneza kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, nikaazima kibuyu ambacho watu walikuwa wamekinywea pombe jana yake. Rafiki yangu ndiye aliyepika chai ya rangi kwao, akaipoza, akaimimina humo kwa mkono wake.

Nililewa siku hiyo bila kulewa. Wauza ndengu waliacha kupima. Mama mmoja nisiyemjua alinishika bega, akaniomba niende nyumbani nikalale. Mchezo ulipoisha, yule mtu wa kundi aliniambia nipeleke barua Jumatatu.

Kumbe wazee wa kanisa walikinusa kile kibuyu. Jumapili baada ya ibada niliitwa. Nilieleza nikicheka, nikawaambia wamuulize rafiki yangu, yeye ndiye mpishi. Mzee mmoja akamgeukia.

"Ndugu, ndani ya kibuyu mlikuwa na nini?"

Rafiki yangu aliangalia viatu vyake.

"Mimi sikuonja," akasema.

Basi. Hata uongo hakusema. Nikawekwa nyuma, na kwetu hiyo ni kukaa benchi la karibu na mlango, huimbi na wenzako, hushiriki meza ya Bwana, na barua usahau. Jumatatu pasta aliandika barua moja tu, na ilikuwa ya rafiki yangu.

Jumanne huyo rafiki alikuja nyumbani. Mama, ambaye sikuwa nimemwambia kitu, alimpa kiti na uji. Tulipobaki wawili akaniambia lile kundi limempa sehemu ya mlevi na inamshinda. Alitaka nimwonyeshe. Nikamuuliza kwa nini hakusema ilikuwa chai.

"Wangetuweka nyuma sisi wote," akasema. "Sasa si angalau mmoja wetu anaenda?"

Alisema hivyo kama mtu aliyenifanyia jambo. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Ningemfukuza. Mtu mwingine angemfukuza. Lakini nilimwona akijaribu, anayumba kama mtu anayekanyaga mwiba, na uchungu wa kuona kazi ikiharibiwa ukaushinda ule mwingine. Nikasimama uani nikamwambia mlevi hatafuti kuanguka, mlevi anajitahidi watu wasijue amelewa. Shika mwili. Salimia ng'ombe kwa heshima. Akaanguka, nikamwinua, tukarudia. Tulirudia mpaka akashika, na alipoanza kufanana na mimi nikaingia ndani, nikamwacha akitembea huko nje peke yake.