Fundi Sadalla na Dume la Amani

Fundi Sadalla Uweso wa Ngamiani alishona kanzu na vizibao maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kulalamikia mshono wake. Kilicholalamikiwa ni mdomo. Tangu binti yake Najat aingie chuo kikuu, kila aliyekuja kupimwa mabega aliondoka na habari kwamba mtoto wa Fundi anasomea udaktari. Najat alirudi na shahada ya wadudu, akapata kazi ya utafiti kwenye msitu wa Amani, lakini baba hakuona haja ya kusahihisha jambo dogo kama hilo. Matokeo yake majirani walikuwa wakimvizia Najat mlangoni na magoti yao na presha zao, naye akawa anawaeleza kwa upole kwamba yeye hata mende hamtibu.

Siku moja alishuka kutoka Amani uso unang'aa. Amepata mdudu mpya.

"Mpya vipi?" Sadalla aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Kaumbwa wiki iliyopita?"

"Mdudu mwenyewe wa siku nyingi, Baba. Mpya kwenye vitabu. Hakuna aliyewahi kumwandika wala kumpa jina."

Akamwonyesha picha kwenye simu. Alikuwa mdudu wa jamii ya mbawakawa, mwembamba kama punje ya mchele iliyoungua, mbawa zake ngumu zimeishia katikati ya mgongo na tumbo lote limebaki nje. Sadalla alimkagua kwa jicho la kazi.

"Huyu kavalishwa kizibao cha mtoto. Fundi wake kabania kitambaa." Kisha akakumbuka ni nani aliyemshona, akasema astaghfirullah mara kadhaa.

Wakati wa chai Najat alieleza kwamba majike anao wengi, ila dume amempata mmoja tu, na kesho yake angempeleka Dar es Salaam kutazamwa kwa darubini kubwa.

"Kwani majike hawatoshi?" Sadalla aliuliza.

"Hawatoshi, Baba. Kwa nje wanafanana mno na ndugu zao. Anayetofautisha ni dume. Kwa... umbo lake."

"Umbo gani?"

Najat akatazama dari. Mama yake, Bi Mwamvua, alishaelewa zamani, na ncha ya kanga ilikuwa mdomoni.

"Umbo gani, we mtoto? Si nauliza?"

"Baba Najat," mkewe akasema, "kunywa chai yako."

Sadalla alikunywa. Alipofika nusu ya kikombe akaelewa, akakohoa, akaondoka kwenda kutafuta uzi ambao hakuuhitaji.

Kesho yake Najat alitoka kwenda kukata tiketi. Dume alimwacha ndani ya kichupa, kwenye friji, nyuma ya jagi la ukwaju. Sadalla aliporudi kutoka sala ya adhuhuri, koo limekauka, akafungua friji, akaona kile kichupa, akakifungua, akanusa. Pua yake aliiamini kuliko macho. Spiriti! Pombe, ndani ya nyumba yake, jirani na ukwaju wake! Hakuuliza mtu. Alitoka nacho uani, akakimwaga kwenye mtaro, akakisuuza, akanawa hadi viwikoni.

Najat aliporudi na kukikuta kichupa kinameta juu ya karo, hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye mkeka, akavua viatu taratibu. Sadalla angependelea kelele. Alivaa miwani yake ya kutungia sindano, akachuchumaa mtaroni akipekua matope kwa kijiti, huku kuku wa jirani akimzunguka kwa heshima ya mtu aliyekwisha kula vizuri.

"Nimekosa, mwanangu," alisema hatimaye, bado amechuchumaa. "Huko alikotoka wamekwisha?"

Hivyo ndivyo Fundi Sadalla alivyofunga cherehani na kupanda Amani. Zabron, Msambaa aliyemsaidia Najat msituni, aliwapokea njiani. "Shikamoo, mzee. Ndiwe uliyemmwaga dume?"

"Marahaba," Sadalla alijibu, akaona sehemu iliyobaki haihitaji jibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya majani yaliyooza, kuyachekecha kwenye chekeche, kisha kukodolea macho kilichoanguka juu ya shuka jeupe. Sadalla aliifanya kwa bidii ya mwenye dhambi. Kila baada ya muda mfupi alipaza sauti, "Huyu hapa!" na kila mara alikuwa siafu, au buibui, au kipande cha ganda. Alipopumzika kando ya kijito kitu kikamtembelea shingoni, akakipiga kofi.

"Huyo nairobi flai, Baba! Usimsugue, maji yake yanababua ngozi!" Najat alikuja mbio na maji na sabuni. "Tena ni binamu yake huyu tunayemtafuta."

"Ukoo gani huu," Sadalla alinung'unika.

Walichekecha tena siku iliyofuata, na nyingine. Dume alipatikana kwenye uozo wa gogo, na aliyemwona ni Zabron. Najat alimtazama kwa lenzi ya mkononi, kisha akamkumbatia baba yake kwanza, ingawa hakuwa na mchango wowote kwenye gogo lile. Sadalla akajikuta macho yamelowa, akasingizia vumbi. Msitu ulikuwa umelowa chapachapa.

Alirudi Ngamiani na lengelenge jekundu shingoni. Kinyozi Luqmani alilitazama muda mrefu kwenye kioo.

"Milimani kuna baridi, Fundi. Huyo bibi wa huko anaitwa nani?"

"Ni mdudu!"

"Ndiyo, sote huwa tunasema mdudu."

Habari ikamfikia Bi Mwamvua kabla ya nywele kuisha kukatwa. Yeye alijua ukweli wote, lakini alinuna hadi jioni kwa raha zake.

Maandishi ya Najat yalichukua muda kutoka. Yalipotoka, mdudu alikuwa amepewa jina la Zabron, likawekewa mkia wa Kilatini. Sadalla alitafuta jina lake kuanzia juu, akalikuta mwishoni, kwenye shukrani, herufi ndogo: kwa msaada wa kukusanya. Alimwomba Najat amsomee tena, kisha tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

Tangu hapo hamwiti tena Najat daktari. Huwaambia wateja, huku akiwapima mabega, kwamba wao, yeye na binti yake, ni watu wa utafiti. Na akipita palipo na majani yaliyooza huinama kuyafunua. Bi Mwamvua amemwekea sabuni yake peke yake pale karoni.