Nusu Mbele, Robo Nyuma

Injini ya Kaingu ilikuwa bado uani, imelazwa ubavu juu ya matairi mawili makuukuu na kufunikwa gunia. Kila asubuhi Jalila aliipita akienda msalani bila hata kuigeuzia shingo. Kwake ilikuwa sawa na ndoo, sawa na kuni. Tangu mumewe Boga afe, kila kitu kilikuwa sawa na kingine. Chai haikuwa na ladha, na waliokuja kumpa pole aliwaitikia "tushapoa" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

Watu wa Mtongwe wakamsifu. Hakulia siku ya maziko, hakulia kwenye hitima, wakasema mwanamke huyu ana subira. Subira gani? Alikuwa amekufa ganzi tu, mwili mzima, kama mguu uliokaliwa. Kulia alitaka, na machozi aliyangoja, hayakuja. Akaacha kuyangoja.

Mumewe alikuwa fundi wa injini za boti, na injini hii ilimjia na ugonjwa unaozipata nyingi. Maji ya chumvi hutuama chini ya boti, na ile plagi ya kumwagia oili, kwa kuwa iko chini kabisa, ndiyo huliwa na kutu mwanzo. Kaingu, mwenye boti, aliiona inavuja akaikaza, ikavuja tena akaikaza tena, mpaka meno ya tundu yanayoishika plagi yakawa unga. Boga akamwambia aiache hapo. Angekata meno mapya, makubwa kidogo, na mkerezaji mmoja wa Changamwe alikwisha kumchongea plagi ya shaba ya kuyatosha.

Kukata meno kunataka tepu, kile chuma chenye makali kinachozungushwa kwa mkono ndani ya tundu. Ni kigumu, lakini ukikilazimisha hukatika kama chaki, na kikikatikia ndani, kukitoa ni balaa. Kwa hivyo Boga alikwenda nusu mzunguko mbele, kisha robo nyuma. Ile robo ya nyuma ndiyo huzikata chenga za chuma zisijibane, na grisi huzinasa zisiingie kwenye injini. Jalila hakujua kitu katika injini, ila sauti yake aliijua. Kwa miaka alipika akiisikia: kukwaruza, kimya kidogo, halafu tik, chenga zikikatika.

Alasiri ile alikuwa jikoni akikamua tui. Alisikia kukwaruza, kisha kimya. Mikono yake ikangoja ile tik bila yeye kujua kwamba inangoja. "Boga?" aliita. Alipotoka alimkuta amelala kando ya injini, na tepu imesimama ndani ya tundu.

Sasa alikuwa akikaa eda. Shangazi yake Dhahabu, aliyehamia kumwangalia, aliishika eda ile kwa meno. Mjane asitoke, asijipambe, na sauti yake isisikike na mwanamume anayeweza kumwoa, shemeji naye akiwemo. Wako wasemao hilo la sauti si lazima. Dhahabu si mmoja wao. Jalila hakuona taabu, kwani hakuwa na neno la kumwambia mtu.

Lililomsumbua Dhahabu ni ile injini. "Amana ya watu iko uani, mwanangu," alisema. "Marehemu analemewa huko aliko." Kaingu mwenyewe hakuwahi kuiulizia. Alileta samaki, akaaga, akaenda zake kwa miguu kuwatilia watu nyavu, na boti yake imelala mchangani. Jalila alijua kwamba injini ile ikiharibika, Boga atakuwa amekufa na deni la ahadi. Alilijua kichwani. Moyoni halikufika.

Akaitwa Abdulaziz, mdogo wake Boga, fundi wa malori huko Changamwe. Alikuja adhuhuri, akabisha hodi, akasalimia ukuta kwa adabu. Dhahabu akamwonyesha uani, kisha akaingia ndani kusali. Jalila akakaa nyuma ya pazia la dirisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukaa.

Abdulaziz alifunua gunia. Akaidondoshea tepu mafuta ya taa, akasubiri, akaidondoshea tena.

"Kaka, mbona uliachia katikati?" alisema peke yake, taratibu.

Kisha akashika mkono wa tepu, akatanua miguu na kuusukuma mbele kama anayefungua nati ya lori. Chuma kikalia. Jalila akageuka kumwita Dhahabu apeleke neno, Dhahabu yuko kwenye sijda. Chuma kikalia mara ya pili, kwa sauti nyembamba.

"Ngoja, shemeji!"

Abdulaziz aliachia kama aliyeungua. Hakulitazama dirisha.

"Naam, shemeji."

"Usende mbele. Rudi nyuma kwanza."

"Nikirudi nitapoteza meno aliyokwisha kuyakata."

"Hutapoteza. Nduguyo alikwenda nusu mbele. Hakurudi."

"Wewe wajuaje?"

"Nali jikoni. Nalimsikia."

Ndani, Dhahabu alitoa salamu ya mwisho ya sala kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Abdulaziz akapiga magoti mahali palepale kaka yake alipokuwa akiyapiga, akashika mkono wa tepu kwa vidole tu, akaurudisha nyuma. Haukutaka. Akaubembeleza.

Tik.

Jalila aliisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Mikono yake, iliyokuwa ikingoja tangu alasiri ile, ikalegea mapajani, na maumivu yakamwingia mwili mzima kwa mara moja, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Akalia. Alilia kwa sauti iliyofika uani na kuvuka kwa majirani, na Dhahabu akaja mbio na msala mkononi, akasimama, asimkanye.

Abdulaziz alikuwa ameondoa mikono kwenye chuma, ameinamisha kichwa.

"Fanya, shemeji," Jalila alisema katikati ya kwikwi. "Usiachie hapo."