Mkono wa Papa kwenye Reli

Majirani waliona nimerukwa na akili. Mwanamke mzima, mwenye duka la vifaa vya umeme, anapiga magoti salon, pale sebuleni, akiunganisha treni ya kuchezea juu ya ubao wa mlango wa zamani alioulaza. Waseme tu. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa anakuja kumchukua papa, baba yetu, akaishi naye Kinshasa, na papa hakuwa na hamu ya kitu tena: alikula, alikaa, alitazama ukuta. Mtu huyu alifanya kazi miaka yake yote hapa Lubumbashi kwenye aiguille, pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Yeye ndiye aliyevuta chuma, na treni ikaenda alikotaka yeye. Mimi nilitaka aiongoze gare yake, kituo chake cha treni, mara moja tu kabla hajaondoka. Basi. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Treni na reli aliniletea rafiki kutoka Ubelgiji, lakini aiguille nilizichagua mwenyewe, na nilichagua kwa ukaidi. Kuna zile rahisi, ambazo moyo wake, pale reli zinapokutana, ni plastiki. Hazisumbui kuunga nyaya, ila treni ndogo ikifika hapo hukosa umeme, ikasimama. Nikasema aka, treni ya papa haitasukumwa kwa kidole katikati ya gare! Nikachukua zenye moyo wa chuma. Hizo kila ukigeuza njia lazima ugeuze na umeme wa ule moyo, la sivyo zinapiga shoti na kila kitu kinazimika. Nilitoa jasho, nikachoma vidole, nikaweza.

Kila aiguille ilikuwa na kimota chake cha kuivuta. Kimota hicho kinataka umeme wa kugusa na kuachia, ukiuacha, kinaungua. Nilijua vizuri. Hata hivyo, pale dukani kwangu nilivipita vitufe vya kengele, vinavyorudi vyenyewe, nikachukua swichi za ukutani kwa sababu nilipenda zinavyolia klak. Ona akili hiyo!

Jumapili asubuhi nikabonyeza swichi zote mbili kujaribu. Kimya. Umeme umekwenda. Sasa, nyumba zote za mji huu zina tabia moja: umeme ukikatika, swichi inaachwa hivyo hivyo, imewashwa, ili ukirudi taa ikuambie. Hakuna anayefikiri, mkono unaondoka wenyewe. Nami nikaondoa wangu, tukaenda misa. Tuliporudi, salon nzima ilinuka plastiki iliyoungua. Umeme ulikuwa umerudi, na ulituambia vizuri sana.

Mawe! Nikautukana umeme, nikaitukana swichi, nikajitukana mimi. Papa alisimama kidogo na koti lake la misa, akatazama vile vimota vyeusi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hilo liliniuma kuliko harufu. Vimota vingine vingetoka Ulaya, na yaya alikuwa amekwisha kukata tiketi za ndege.

Nikakataa kushindwa. Niling'oa vimota vyote viwili, nikachukua spoku za baiskeli, nikazipitisha chini ya ule mlango mpaka ukingoni, nikazivika vishikio vya mti. Ukivuta, spoku inageuza njia, na papo hapo inasukuma kiswichi nilichotoa kwenye redio mbovu, kinachogeuza umeme wa moyo. Treni yenyewe nikaiunga kwenye betri ya pikipiki, kupitia kifundo cha kuongeza na kupunguza mwendo. Umeme wa mji ukae na tabia zake huko.

Siku ya safari nilikuwa bado nakaza skrubu. Teksi ya kwenda Luano, kwenye uwanja wa ndege, ilikuwa nje, masanduku yamepakiwa.

"Papa, kuya kwanza huku."

Akaja, kofia mkononi. "Hii njo nini, mama?"

"Iko gare yenu, papa."

Aliweka kofia kwenye kiti. Nikafungua kifundo, treni ikaondoka. Akashika kishikio, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua mkono mwingine juu, kumwonyesha dereva ambaye hakuwepo, kisha akavuta. Treni ikapita juu ya moyo wa chuma bila hata kusita. Nilipiga kelele kwa furaha.

"Nyamaza, mama. Tuko kazini."

Na hakuachia. Katika kazi yao chuma hakiachwi mpaka wagon ya mwisho ipite. Ukiachia mapema, unaangusha watu. Lakini mduara wangu ulikuwa mfupi: wagon ya mwisho ikipita, kichwa cha treni kimekwisha kufika tena. Papa akashikilia, akiinama, macho yakiwa hai, midomo inahesabu wagon.

Yaya akaingia. "Papa, avion haitangoja!"

"Nitaachia namna gani?" papa alisema bila kugeuka. "Train iko napita."

Yaya akanitazama mimi. Kuisimamisha ile treni kulikuwa mikononi mwangu tu. Niliiacha izunguke tena, na tena, machozi yananitoka wala sikuyafuta. Honi ya teksi ikalia. Nikashika kile kifundo, nikapunguza umeme kidogo kidogo, treni ikaenda polepole, ikasimama.

Papa aliinama kuhakikisha kwamba wagon ya mwisho imepita. Akaachia, akachukua kofia yake.