Lilian Alivyochagua Josho

Binti yangu Lilian anasomea udaktari wa mifugo chuo kikuu. Mimi sikusoma. Baba aliniozesha Ringwani nikiwa bado mtoto, na ng'ombe wa mahari yangu wakauzwa ili mdogo wangu Elia asome. Leo Elia ni mtu wa ofisi Mwanza, na Lilian akiwa na swali la masomo, baba yake humwambia, "Muulize mjomba wako." Mimi nipo jikoni, nasikia.

Mwaka huu alitakiwa kuchagua mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi, wenyewe wanaita fildi. Chuoni yupo Madam Gloria, anayewashauri wanafunzi juu ya kazi. Alimwambia, "Nenda mahali mtu atakuletea mnyama mgonjwa na kusimama hapo akisubiri jibu." Lilian akachagua josho la Mbalibali, wafugaji wanapoogesha ng'ombe kuua kupe.

Jumapili Elia akaja. Alikuwa amemtafutia nafasi ofisini kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka kunuka dawa ya kupe."

"Ofisini nitatibu nini, mjomba? Viti?"

Mume wangu alicheka, akakoma alipoona Elia hacheki.

"Ofisini utaonwa na watu," Elia alisema. "Msichana wa josho nani atamtolea ng'ombe? Wa ofisini, boma la baba yako litajaa."

Mume wangu aliacha kutafuna. Namjua, alishaanza kuwaona wakiingia. Lilian akanitazama.

Nikasema, "Elia, na hao ng'ombe watamsomesha nani safari hii?"

Kwetu Wakurya, mwanamume hambishii mbele za watu dada ambaye ng'ombe wa mahari yake ndio waliomkuza. Haki hiyo nilikuwa sijawahi kuidai. Elia alinawa mikono, ugali bado upo, akamwambia mume wangu kwamba ana safari. Mimi hakuniaga.

Sasa Lilian yuko Mbalibali. Siku ya kwanza mfugaji mmoja, mzee Simioni, alimuuliza, "Wewe binti, unajua ng'ombe huyu anaumwa wapi?"

"Anaumwa njaa, mzee. Mbavu zake naziona kutoka hapa."

Wenzake walimcheka mzee mpaka jioni. Juzi alirudi mwenyewe na ndama anayeharisha, akasimama kando akisubiri.

Elia hajapiga simu. Na asipige.