Falsafa Yangu ya Kifaransa

Wenzangu, naandika haya masikio bado yananiwaka. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa maiki katika banda la video hapa Kasulu. Jumamosi ikaletwa filamu ya Kifaransa. Kifaransa sikijui hata salamu, lakini banda lilishajaa, ningewaambia nini watu?

Kwenye filamu, mzee mmoja akainamia bakuli lake, akanung'unika. Nikatafsiri kwa sauti nzito: "Haya maisha ni kweli, au tunaota tu? Na waliokufa, ndio walioamka?"

Mwalimu wetu mstaafu, aliyefiwa na mkewe mwezi uliopita, akajifuta machozi. Kichwa kikanivimba.

Ndipo nikamwona mama muuza vitenge, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, amenikazia macho. Jasho likanitiririka mgongoni. Wakongomani wengi Kifaransa wanakijua!

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," mwalimu akaomba. "Nataka nisikie tena hapo kwa waliokufa."

Nikarudisha. Mzee akanung'unika upya. Mama akashindwa kuvumilia.

"Kaka, acha kumliza baba wa watu! Uyu anasema tu mchuzi haina chumvi."