Jina la Mtengeneza Mapipa

Siku ya kwanza nilipokwenda kumhudumia, mzee alinifungulia mlango mwenyewe, kaegemea mkongojo, karatasi kutoka kwa mwajiri wangu mkononi. Alilisoma jina langu la ukoo, akanitazama, akalisoma tena. Lilikuwa jina lake.

"Je, hujambo, ndugu yangu?" akasema.

Ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa Landover, jimbo la Maryland. Kiswahili alijifunza chuoni ujanani, kwa hiyo anakisema kama msoma taarifa ya habari. Mimi Mkenya wa bara ndiye ninayechapia sarufi.

Kuanzia siku hiyo nikawa ndugu. Kanisani ndugu, kwa daktari ndugu. Nilikereka, sitaficha. Nilijua sisi tulivyolipata: mmishonari Mwingereza alimbatiza babu yangu akampa jina la ukoo wake, kama mtu anavyompa mgeni koti kuukuu. Jina alilopewa na mama yake likawa la nyumbani tu, na nyanya alipofariki likakosa wa kuliita. Nilipohamia huku, lile la ubatizo ndilo lililokuwa la mwisho kwenye pasipoti, basi likawa la ukoo. Wanaonipigia simu hutarajia mzungu.

Kwa hiyo fomu ya uraia iliponiuliza kama nataka kubadilisha jina, kalamu ilikuwa tayari. Aliyenizuia ni mzee. Mkewe alishafariki, watoto hawakujaliwa. Ndugu aliyebaki naye ni mimi, na undugu wenyewe ni wa karatasi.

Meza yake ya chakula haitumiki kwa chakula. Imejaa makaratasi ya ukoo. Jina letu, alinieleza, lilianzia Uingereza kwa watengeneza mapipa. Kijiji kilimwita mtu kwa kazi yake, watoto wakarithi jina, hata wale wasiojua kushika nyundo. Mmoja wa uzao huo akaja Maryland kulima tumbaku. Tumbaku ilisafirishwa ndani ya mapipa, na mapipa yalitengenezwa na watumwa wake. Hapo ndipo ukoo wa mzee unapoanzia: kwenye orodha ya mali, kati ya ng'ombe na majembe, mwanamume mmoja, fundi wa mapipa. Jina lake la kwao hakuna aliyeliuliza; akabandikwa la bwana wake.

Nilimwambia ukweli nikimvisha soksi, ili nisimtazame usoni. Babu, ubatizo, fomu, vyote. Akaninyooshea mguu wa pili.

"Babu yako alitengeneza mapipa?"

"Mapipa wapi, Mzee! Babu alifuga mbuzi. Hata ndoo alikuwa anaborrow kwa jirani."

Akacheka hadi akakohoa. "Basi lirudishe. Sisi tumelifanyia kazi jina hili. Yule bwana hakuchonga hata ubao mmoja; aliyechonga ni babu yangu. Ni letu. Ninyi mlipewa tu kanisani." Kisha kicheko kikaisha. "Na wewe unalijua lile la kwanza. Mimi langu sitalijua kamwe."

Nilifunga kamba za viatu vyake mara mbili, maana machozi yalikuwa yamenijaa.

Nilikula kiapo cha uraia nikiwa na jina la babu, lile la kwanza. Jaji alilitamka vibaya, nikaitika hivyo hivyo. Mzee alikuja na suti, akapiga makofi kuliko wote. Lakini kwenye gari aligeuzia uso dirishani hadi nyumbani, na mimi nilijiona nimemwibia.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kuchukua dawa zake. Zamani binti wa kaunta akiona kitambulisho changu alikuwa haulizi kitu. Safari hii alikitazama, akatazama kompyuta, akarudi kwenye kitambulisho. Majina hayafanani. Akataka kujua mimi ni nani wa mgonjwa.

Mzee alikuwa ameketi nyuma yangu. Nikamsikia akisafisha koo, anajiandaa kueleza kuwa mimi ni mhudumu tu.

"Ni ndugu yangu," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye kiti chake.