Kemshafti ya Shemeji Mtani

Hasira juu ya mtani haina pa kwenda. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni Mzaramo, na sisi ni Wanyamwezi. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, mababu zetu walipopita kwao wakiwa na mizigo mabegani kuelekea pwani. Mtani anaweza kukukejeli msibani au kuondoka na kuku wako, na ukinuna wewe ndiye unayeonekana huna malezi. Shemeji analijua hilo vizuri. Ndiyo maana alithubutu kuligusa gari langu.

Ni pikapu ya zamani, ya kabureta. Mimi nafundisha ufundi wa magari chuoni hapa Tabora, na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, ningeweza kuibadilisha mwenyewe, lakini wanafunzi walikuwa kwenye mitihani na shemeji ana gereji. Nikamwambia abadilishe gasketi tu, kwa sababu nilikuwa nakwenda Ipole kumchukua mama. Mama alikuwa amevunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, na siku ya kurudi kwa daktari ilikuwa imefika. Basi la abiria asingeliweza. Alihitaji kiti cha mbele na dereva wa kwenda taratibu.

Nilipofika gereji nililisikia gari kabla sijaliona. Mafundi wetu huita mwendo wa injini gari likiwa limesimama "sailensi", na injini iliyo sawa sailensi yake ni tulivu hadi unasahau kwamba inawaka. Hii ilikuwa inarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, na boneti ilikuwa inatikisika.

"Umeifanya nini?"

"Nimekutoa kwenye ubeba mizigo, shemeji," akasema, anajifuta mikono. "Kichwa cha injini kilikuwa mezani, nikaona nikufungie kemshafti ya mashindano. Babu yako alitembea kwa miguu mpaka kwetu. Wewe sasa utapaa."

Mafundi wake wakacheka. Kwa desturi ilinipasa nicheke nao.

Nieleze kidogo, maana si jambo gumu na mtu yeyote anaweza kulielewa. Kemshafti ni chuma kirefu chenye vinundu, na kila kinundu kazi yake ni kufungua valvu, kilango cha kupitisha hewa au moshi. Vinundu vya kemshafti ya mashindano ni vikubwa, kwa hiyo valvu hufunguka zaidi na kukaa wazi muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa inaingia kwa wingi na gari linapata nguvu. Injini ikienda polepole, valvu ya kuingizia na ya kutolea hukaa wazi pamoja kwa muda mno, hewa safi inachanganyika na moshi, na injini inakosa pumzi. Kwa hiyo nguvu unayoipata juu unaikopa chini. Anayekimbia mashindano hajali. Anayembeba mama mwenye nyonga ya chuma anaishi huko chini.

Nilitaka airudishe ile ya zamani siku hiyohiyo. Akasema gasketi itaharibika tukifungua tena, jambo ambalo si kweli kwa injini ile: kemshafti yake inakaa juu, unafungua kifuniko tu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia hakuna kitu mwalimu wa chaki anachokiogopa kama spana. Wakacheka tena. Kesho yake ilikuwa siku ya safari, na jioni ilikuwa imeshaingia, kwa hiyo nikavaa ovaroli niirekebishe hiyo hiyo mpya.

Nikapima nafasi za valvu upya, kwa sababu kemshafti mpya ina kipimo chake. Nikasogeza taimingi mbele kidogo, ili cheche iwahi, maana mchanganyiko dhaifu unaungua polepole. Nikaongeza mafuta kwenye skrubu ya kabureta mpaka injini ikaacha kukohoa, kisha nikapandisha sailensi. Ikatulia. Nilifanya kila ninachowafundisha wanafunzi, kwa utaratibu ule ule, na meno nimeyauma. Nilijua kwamba ukiitengeneza kemshafti ile vizuri sana unapata gari zuri la mashindano.

Asubuhi shemeji akaja nami, anasema anataka kuona sura yangu gari likipaa. Kwenye lami, kupita Sikonge, lilienda vizuri na alizidi kunikejeli. Ipole tukaacha lami, tukaingia njia ya mchanga yenye mizizi inayokwenda nyumbani. Hapo ndipo lilipoanza kuruka. Ukipunguza mafuta linagonga na kutaka kuzima, ukiongeza linachomoka.

Mama alikuwa tayari, kajifunga kanga mpya. Tukampakia mbele, shemeji akapanda nyuma. Hatukufika hata kwenye mizinga ya nyuki ya jirani. Gari lilichomoka mara moja, nyonga ikagonga mlango, na mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. Hakulia. Alifumba macho akabaki hivyo. Nikazima injini.

Shemeji alishuka, akaja dirishani. Mama akafumbua macho, akamwangalia.

"Baba, gari hili mmelifanya nini?"

Kwa mkwe hakuna utani. Nilisubiri aseme kitu kuhusu wabeba mizigo. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, kofia mkononi, akasema, "Nimekosea, mama." Mimi nilikuwa nimemwambia jana yake mbele ya watu wake wote, akacheka.

Tulimrudisha mama ndani kwa kumbeba kwenye kiti cha kamba, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine. Siku ya daktari ikapita. Kemshafti ya zamani niliifunga mwenyewe, sikumruhusu aishike, na safari iliyofuata nilikwenda peke yangu. Daktari alimpa mama miadi mingine na dawa za maumivu ambayo hakuwa nayo kabla.

Shemeji ameanza tena. Wiki iliyopita, kwa mdogo wangu, aliniuliza mbele ya wageni kama bado natembea kwa miguu mpaka pwani. Wageni walisubiri jibu langu. Niliendelea kula. Mdogo wangu akanifuata jikoni akaniambia kumnyima mtani jibu si desturi yetu, watu wataona nina kinyongo.

Nikamwambia wana haki ya kuona.